Chupa Tatu Kwenye Friji ya Santina

Alhamisi, 27 Februari

Kijitabu hiki si changu. Ni cha Lailah, binti yangu wa miaka kumi na miwili. Alipewa kliniki mwaka ule walipotuambia ana kisukari, kile cha kuchomwa sindano asubuhi na jioni maisha yote. Kila ukurasa una mistari ya kuandika sukari yake. Leo kliniki wanasema stripu, vile vijikaratasi vya kupimia damu, hazijaja, na hawajui zitakuja lini. Bila stripu mashine ya kupimia ni plastiki tu, na kurasa hizi zitabaki tupu. Basi nitaandika mimi. Nikinyamaza nitapasuka.

Zimebaki stripu kumi na nne. Nimepita kila duka la dawa kutoka hapa Kisugu hadi Kabalagala. Stripu zipo tele, lakini za mashine nyingine. Kila mashine na stripu zake, na yetu ni ile iliyogawiwa bure, ambayo hakuna muuzaji anayeijua. Mmoja akaniambia, "Nyabo, si ubadilishe mashine?" Utadhani ananiambia nibadilishe ndala. Nilimjibu jibu ambalo siliandiki humu.

Insulini angalau tumepata, chupa tatu mpya. Nimezipeleka kwa Santina.

Ijumaa, 28 Februari

Friji yetu iliungua Januari, umeme uliporudi kwa nguvu baada ya kukatika siku mbili. Ndiyo maana dawa inalala kwa Santina. Mimi na Santina tumekulia baraksi ya polisi kule Naguru, baba yake na baba yangu safu moja ya nyumba. Wao Waacholi wa kanisani, sisi Wanubi wa msikitini, na Kiswahili hiki ninachoandika tulikiokota wote pale pale. Idd walikula kwetu, Krismasi tulikula kwao.

Sasa Santina ana baa Kabalagala. Chupa za Lailah zinakaa rafu ya katikati, bia kushoto, bia kulia, na kikaratasi alichoandika mwenyewe: DAWA YA MTOTO. UKIGUSA NAKUFUKUZA. Hakuna mlevi aliyewahi kugusa.

Jumamosi, 1 Machi

Ramadhani imeingia, na nyumbani kumewaka moto. Mama mkwe wangu, Hajjat Kulusum, anaishi nasi tangu mume wangu Nasif aanze kuendesha lori la Juba. Leo kagundua dawa inalala wapi.

"Mwezi mtukufu huu! Dawa ya mjukuu wangu inalala na pombe, halafu mnamwomba Mungu shifaa?"

Nikamwambia chupa imefungwa, Hajjat, hakuna kinachoingia wala kutoka.

"Na wewe umefunga, unaingia baa mchana kweupe?"

Mama huyu ana kipaji cha kunifanya nijione nina miaka tisa.

Jumapili, 2 Machi

Nimekwenda kwa Santina kabla ya futari. Nimezitoa chupa zote tatu katikati ya bia. Santina akacheka hadi akashika mbavu. "Munirah, bia inatoka kwa chupa yake inaenda kuingia kwa dawa? Tangu lini?"

Nikamwambia ni kwa mwezi huu tu, anisitiri. Juu ndani ya friji kuna kimlango kidogo, anaweka barafu na samaki wake. Huko hakuna bia hata moja. Nimezifunga kwa kitambaa kisafi, nikaziweka huko kwa mkono wangu mwenyewe, na kikaratasi chake juu yake.

Nilipomwambia Hajjat, aliniombea dua. Mara ya kwanza mwaka huu! Nimefurahi, nisiseme uongo.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Sukari 7.8. Alhamdulillahi.

Jumamosi, 8 Machi

8.3. Gurusa zimekwisha zote kabla ya magharibi. Mikate yangu hii myembamba Kisugu nzima inaijua, na Ramadhani hata Waganda wanapanga foleni.

Jumatatu, 10 Machi

Chupa ya zamani imekwisha, nimechukua moja kwa Santina. Imetoka ngumu kama jiwe. Nimeiweka kwapani njia nzima hadi nyumbani, ikalainika. Nilipoishika kwenye mwanga ilikuwa na punje punje nyeupe zilizogandamana kwenye kioo. Nimeitikisa vizuri. Insulini hii huwa na ukungu kila siku, ni baridi tu.

Jumatano, 12 Machi

16.9. Kala nini huyu?

Alhamisi, 13 Machi

18.2. Nimemuuliza. Kasema posho na maharage shuleni, basi. Nimemwangalia machoni, naye kaniangalia vilevile. Zimebaki stripu tisa.

Jumamosi, 15 Machi

Hajjat anasema tende kwenye kopo zinapungua. Hakutaja mtu, alivuta tasbihi tu na kuangalia upande wa kitanda cha Lailah.

Nimepekua begi la shule. Nimekuta karatasi moja ya peremende. Lailah anasema ni ya rafiki yake, alimwomba amtupie. Banange! Rafiki gani asiye na mfuko? Nimepiga kelele mpaka jirani akapunguza redio apate kusikia vizuri.

Jioni 19.0.

Jumapili, 16 Machi

Nimempigia simu Lanyero, muuguzi wa kliniki ya watoto. Mtu mpole, sauti yake peke yake ni dawa. Kasema niongeze yuniti mbili za insulini asubuhi na mbili jioni, Lailah anywe maji mengi, niangalie chakula, na asipobadilika nimlete.

Niangalie chakula. Maneno hayo yamenichoma. Naye anajua mtoto wangu ni mwizi wa sukari.

Simu ya Nasif imepatikana mpakani kwa dakika mbili. Kasema, "Usimpige." Kana kwamba mimi ni mtu wa kupiga.

Jumatatu, 17 Machi

Leo nimefanya jambo ambalo najua nitalikumbuka.

Lailah alirudi shule kalowa, midomo imekauka, akaenda moja kwa moja kwenye mtungi wa maji. Kikombe, kikombe, kikombe. Nikasimama nyuma yake nikihesabu. Alipofika cha tano nikamwambia akatawadhe. Akauliza, "Mama, si bado alasiri?" Nikasema katawadhe.

Nikateremsha msahafu wa marehemu baba yangu, nikauweka juu ya meza, nikaondoa hata tabaga la kufunikia chakula ili meza ibaki tupu. Hajjat alikuwa kwenye mkeka wake.

"Weka mkono. Apa kwamba hujala tende, hujala peremende, hujanywa soda."

Akaweka mkono. Vidole vyake vimejaa vidoti vyeusi vya kutobolewa, kwenye jalada la kijani vilionekana vyote. "Wallahi sijala tende. Wallahi sijala peremende. Wallahi sijanywa soda. Mama, wallahi."

Hakulia.

Marehemu baba yangu alikuwa akisema mtoto akishaapa, mkubwa anafunga mdomo. Nikafunga mdomo. Lakini nikachukua kopo la tende na la sukari nikayafungia kwenye sanduku langu la nguo, na ufunguo nikautundika shingoni. Aliuona. Nilitaka auone.

Jumanne, 18 Machi

21.5. Basi kaapa uongo. Mungu anisamehe kwa kuandika hivi, lakini namba haina sababu ya kunidanganya.

Jumatano, 19 Machi

Mvua kutwa, umeme hakuna. Lailah kajikojolea kitandani, msichana wa miaka kumi na miwili. Alifua shuka mwenyewe uani, mvuani, ili Haboba, bibi yake, asione. Mimi niliona. Nikarudi ndani.

Suruali ya shule inamwanguka. Stripu mbili.

Alhamisi, 20 Machi

Kapima mwenyewe asubuhi bila kuniuliza. 23.1. Kaandika kwenye mstari wake humu humu, kwa penseli, chini ya maneno yangu. Kiswahili changu cha baraksi hukisoma kwa kusukuma, lakini jina lake analijua likiandikwa. Sijui kasoma mpaka wapi. Imebaki moja, ninayoiweka kwa siku ya hatari.

Ijumaa, 21 Machi

Nilikuwa napanga gurusa kwenye sinia, adhana imebaki dakika chache. Lailah akaja akasimama mlangoni akishikilia fremu.

"Mama, nipime."

Nikamwambia stripu ni moja, ya hatari.

"Leo nimefunga. Jana pia. Sijala kitu tangu juzi usiku."

Nikaweka mwiko chini. Mtoto wa sindano hafungi, hilo tulifundishwa siku ya kwanza, na sheikh mwenyewe alituambia hana lawama. "Nani kakuruhusu?"

"Kama nikila unasema nimeiba, basi sili. Nipime uone. Kama ni mimi, itashuka."

Hajjat akasema taratibu, "Mpime, Munirah."

Nilimtoboa kidole, damu ikachelewa kutoka, nikaminya. Tukasubiri mashine ihesabu. Adhana ikaanza, hakuna aliyegusa tende. 27.4.

Tumbo tupu siku mbili, na 27.4. Ningekuwa mtu mwenye akili ningeona papo hapo kwamba si chakula. Mtoto kaniwekea ushahidi mezani, kautoa mwilini mwake. Mimi nikasema nini? Nikasema, "Umejificha wapi ukala?"

Aligeuka akaenda kulala bila kufuturu. Nikamfuata na sindano, nikamchoma yuniti zake pamoja na zile mbili. Akaniachia mkono kama mkono wa mtu mwingine.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika kwenye benchi la wodi. Saa kumi jioni. Sijui kama nitaweza kuyaandika yote.

Alfajiri alitapika. Maji tu, halafu nyongo. Nilipomwinamia pumzi yake ilinuka utamu, kama ndizi iliyoiva mpaka ikapasuka. Alikuwa anapumua kwa nguvu, kifua kinapanda na kushuka kama katoka kukimbia, na amelala! Nikamwita. Akafumbua macho akamtazama mtu aliye nyuma yangu, na nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Nilipiga yowe. Hajjat, mwenye magoti mabovu, alikimbia uani bila viatu akasimamisha boda. Mvua ilikuwa inamwagika. Nilikaa nyuma, Lailah katikati, nimemfunga kwangu kwa leso ya Hajjat, na kavera, mfuko wa plastiki wenye dawa yake, nimelishika kwa meno. Kila shimo nilimwambia, "Lailah, sema kitu." Karibu na hospitali alisema, "Sikula." Ndilo neno alilosema. Sikula.

Wakamnyang'anya mikononi mwangu. Dripu mkono huu, dripu mkono ule. Mashine yao haikutoa namba, iliandika herufi tu, kwamba iko juu kupita kipimo. Daktari kijana akauliza ameacha sindano siku ngapi. Nikasema hajaacha hata moja! Namchoma mimi mwenyewe! Akaniangalia kama nilivyokuwa namwangalia Lailah. Anaona mama mwongo. Niliapa. Nikasikia sauti yangu ikiapa, wallahi, wallahi, na uso wake haukubadilika.

Lanyero akashuka kutoka kliniki. Akafungua kavera, akatoa chupa, akaizungusha taratibu kati ya viganja, akaenda nayo dirishani. Zile punje zilikuwa zimeshikamana kwenye kioo, hazikuchanganyika.

"Mama Lailah, dawa hii ililala wapi?"

"Kwa friji."

"Friji sehemu gani?"

Nikajua kabla sijajibu. Ikanirudia siku ile ya kwanza kliniki, mimi nalia, yeye anazungumza, na katikati ya kilio neno moja: isigande. Ikiganda imekufa. Aliniambia. Nilikuwa nalia tu.

"Juu," nikasema. "Penye barafu."

Lanyero akafumba macho kidogo. Hakunigombeza. Angenigombeza ningeshukuru.

Siku kumi na mbili nimemchoma mwanangu maji. Siku kumi na mbili namwita mwizi.

Jumapili, 23 Machi

Anapumua. Hajaamka sawasawa. Sijala, na hii si saumu.

Jumatatu, 24 Machi

Kaamka asubuhi, kaomba uji. Uji! Nimelia mbele ya wodi nzima.

Mchana walikuja wote wawili, Hajjat na Santina, wamekutana getini. Hajjat alikuwa amewaka. "Nani kaigandisha dawa? Nataka jina."

Nikafungua mdomo. Na Santina, ambaye nilikuwa nimemweleza kila kitu kwa simu jana, akanitangulia.

"Ni mimi, Hajjat. Watu walikuwa wengi, nikasukuma hizo chupa kwa barafu bila kuangalia. Unisamehe."

Hajjat akamwambia maneno mazito. Baa, pombe, moyo uliooza. Santina akainamisha kichwa, akapokea yote. Mtoto wa sajini, mwanamke anayewatoa walevi kwa kola ya shati, kainama kama mtoto wa shule. Halafu akaweka termosi ya uji chini ya kitanda akaondoka.

Na mimi nilinyamaza. Nimeandika ili nisije nikasema nilisema.

Jumanne, 25 Machi

Sikulala. Nilikuwa nawaza: nilimtaka mtoto wa miaka kumi na miwili aweke mkono juu ya msahafu, na mimi nimeshindwa kutamka sentensi moja mbele ya mama mkwe.

Hajjat alipofika nikamwambia akae. Lailah alikuwa ameegemea mto, dripu bado moja. Nikasema kwa wote wawili.

"Si Santina. Chupa nilizipandisha mimi, tarehe mbili, kwa mkono huu. Nilitaka zikae mbali na bia. Nikazigandisha. Lailah, hukula kitu. Hukuiba kitu. Uliapa kweli, na mimi nikakufungia tende."

Lailah akatazama ufunguo. Ulikuwa bado shingoni mwangu, banange, sikuwa nimeuvua. Niliukata kamba kwa meno.

Hajjat alivuta tasbihi mpaka ikazunguka nzima. Nilikaa nikisubiri moto. Akasema, "Neno la kuitoa dawa pale lilikuwa langu." Kisha, "Na tende nilikuwa nakula mimi. Ile ya daku, na nyingine baadaye. Mzee akiamka usiku ana njaa. Niliona aibu kusema."

Aibu. Sisi watu wa nyumba moja, kila mmoja alikuwa analinda aibu yake, na mtoto akabeba zote.

Lailah hakusema amenisamehe. Aligeukia ukutani. Nilimfunika miguu, nikakaa.

Alhamisi, 27 Machi

Tumetoka. Insulini wametupa chupa moja tu, zile mbili za barafu Santina kazileta, Lanyero kazitupa mbele yangu. Itatosha wiki tatu, ikizidi nne. Baada ya hapo sijui. Stripu kumi Lanyero kazitoa kwenye droo yake mwenyewe, za mama mmoja ambaye mtoto wake hazihitaji tena. Sikuuliza kwa nini hazihitaji.

Hajjat aliichukua chupa hiyo akaenda Kabalagala kwa miguu, na kanzu yake na mtandio wake, akaingia baa Ramadhani mchana. Watu waliweka chupa chini. Santina anasema alimshika mikono, kisha akasema, "Hii chupa iweke katikati, pale pale palipo na bia. Na kikaratasi chako ukirudishe."

Lailah ananijibu nikimuuliza. Ndiyo. Hapana. Basi.

Jumapili, 30 Machi. Idd

Mvua imeacha asubuhi, watu wamesali uwanjani bila kulowa. Santina kaja na sufuria la kuku, Hajjat kamkalisha kwenye mto wake mwenyewe. Nasif kapiga simu kutoka Juba, kalia, kakata.

Kabla ya chakula Lailah akaja na mashine, kaketi mbele yangu. Hajakaa karibu nami hivyo tangu hospitali. Akajitoboa kidole mwenyewe, akagusisha stripu, na mashine ilipoanza kuhesabu akaifunika kwa kiganja.

Mashine ikalia, kwamba namba imetoka. Hakuondoa mkono.

"Nimekula nusu tende ya Haboba," akasema. "Nusu nyingine nikamrudishia. Mandazi sijagusa. Unaniamini?"

Nikanyoosha shingo, wallahi, kwa mazoea tu, nione namba. Akabana kiganja.

"Kabla hujaona, Mama."

Sahani zilikuwa zinapoa. Nikarudisha mikono yangu mapajani.

"Nakuamini."

Akaangalia mashine mwenyewe, akaizima, akanipa kijitabu na penseli. Mstari wa leo nimeuacha bila namba.